Kiwanja Kilichotazamwa Asubuhi

Kwetu Ugweno mambo ya ardhi ni ya asubuhi. Kuonyeshana mpaka, kupima kiwanja, kugawana shamba la marehemu, yote hufanyika umande ukiwa bado majanini, kabla ukungu haujashuka na kabla mtungi wa dengelua, ile pombe yetu ya miwa, haujafunguliwa. Mtu anayekuita mchana ukaone shamba lake, ama amelewa ama anataka kukuibia. Hivyo nililelewa, na kila kipande cha ardhi nilichonacho nilikitazama asubuhi. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue kwamba kile kiwanja cha ziwani nilikichagua nikiwa na akili zangu zote.

Shule niliishia darasa la nne. Tofali ndilo lililonisomesha. Nilianza kwa kuwachotea mafundi maji, nikafyatua, nikachoma, nikajenga, na leo ukipita kati ya Mwanga na Same kuna nyumba nyingi zimesimama kwa mkono wangu. Baadhi ya wenyewe wamesahau nani alizijenga. Hazina nyufa, hilo linanitosha. Ramani ya karatasi sijui kuchora. Nyumba naichora chini, kwa vigingi na kamba, halafu naingia kwenye mlango ambao haupo, natembea vyumbani, nakaa pale kitanda kitakapokaa. Bega likigusa kamba najua chumba ni kidogo, nasogeza.

Mke wangu alizaliwa chini, kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa watu wa samaki. Nilimpandisha kwetu Shighatini akiwa binti, akaishi kwenye baridi yetu miaka yote bila kulalamika. Au alilalamika na mimi sikusikia. Yeye ana maelezo yake. Mwishowe kifua kikachoka. Ukungu ukitanda alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima na gunia, hali ameketi. Daktari alituambia mambo mawili: ashukie kwenye joto, na akae mbali na moshi. Alisema akishindwa hayo, hatuna safari ndefu. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, akiniangalia mimi, na mke wangu akamwambia aongee kwa nguvu, mgonjwa ni yeye.

"Nitashuka," akasema tulipofika nyumbani. "Lakini sishuki kwenda kukaa mkekani niletewe uji. Nijengee mahali pa wageni. Nipike, nitandike, nisikie watu wakiongea."

"Wageni gani, mama watoto? Kule ni nzi na nyavu."

"Wanunuzi wa samaki wanalala wapi? Wale wanaokuja kuhesabu ndege wanalala wapi? Kwenye magari. Wewe jenga, wageni niachie mimi."

Binti yetu aliyeko Dar es Salaam akatuma kwenye simu picha za hoteli zenye mabwawa ya kuogelea. Mama yake alizitazama zote, moja moja, akauliza kwa nini mtu achimbe maji kando ya maji. Habari ya picha ikaishia hapo.

Basi nikashuka kutafuta kiwanja, alfajiri, kwa gari la kwanza. Serikali ya kijiji ikanionyesha kipande kwenye ufuko wa mashariki, mlima nyuma, maji mbele. Nilikikagua kama ninavyokagua siku zote. Miti iliyokufa ikiwa imesimama majini ilinionyesha maji yaliwahi kufika wapi, nikarudi nyuma ya hapo kuliko hata sheria inavyotaka. Nilichimba udongo, nikaukanda, nikaonja. Upepo ulikuwa mwororo, una ubaridi kidogo, unashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Upande wa kusini, mwendo mfupi ufukoni, kulikuwa na mwalo, pale mitumbwi inapofikia, na kando yake majiko ya wanawake wanaobanika samaki. Makaa ya jana yalikuwa bado yanafuka. Moshi wake nikauona. Ulikuwa unakwenda majini, mbali na mimi. Nikasema vizuri, majirani wapo na samaki wapo. Mmoja wa wale wanawake ni mdogo wake mke wangu, lakini asubuhi ile alikuwa amekwenda mnadani, hatukuonana.

Nikaanza kuiweka nyumba kichwani. Maisha yangu yote nimechoma matofali, kwa hiyo najua tanuri moja linakula miti kiasi gani. Kule tambarare miti iliyobaki ni migunga ya kuhesabika, na ng'ombe wanaihitaji kwa kivuli. Nikaamua sichomi kitu. Matofali niliyabana kwa mashine ya mkono, udongo wa palepale na saruji kidogo, nikayakaushia kivulini. Msingi, mawe. Nyumba ndogo nne za mviringo, zimeachana, kila mgeni akohoe bila kumwamsha mwenzake. Paa za nyumba hizo ni nyasi, kwa sababu kule chini bati linageuza chumba kuwa kikaango. Jiko pekee nililipangia bati, kwa kuwa nyasi haikupi maji safi ya mvua. Madirisha nikayapanga yatazamane, kusini na kaskazini, hewa iingie huku itokee kule, na chini ya paa nikaacha uwazi wa kutolea joto. Tangi likae juu kwenye mwinuko: pampu ya sola inalijaza jua likiwaka, maji yanashuka yenyewe. Hilo nimelitoa kwa wazee wetu, ambao huacha maji ya mfereji yajae usiku kwenye ndiva, kibwawa cha udongo juu ya mashamba, na asubuhi wakafungulia. Maji ya kuogea yaende kwenye migomba. Jenereta sikuitaka, inapiga kelele na inatoa moshi. Kuni ndiyo kabisa. Jikoni mwake nilitaka gesi ya samadi.

Samadi ilinipeleka kwa mzee mmoja wa kifugaji ambaye ng'ombe wake hunywa maji pale. Nilimkuta amesimama kwa mguu mmoja, fimbo kwapani, anaangalia vigingi vyangu.

"Umenifungia njia kwa kamba," akasema.

"Kamba inasogea. Nataka tuzungumze, mzee mwenzangu. Nahitaji samadi ya ng'ombe wako."

"Unataka mavi."

"Samadi."

"Mpare ameshuka milimani kuja kuniomba mavi." Akacheka mpaka akateremsha mguu. "Haya. Wakishakunywa hulala kidogo kwenye ile migunga. Okota unavyotaka. Lakini njia uniachie pana, ng'ombe hawapiti mmoja mmoja kama watu wanaokwenda kanisani."

Nikasogeza kamba. Njia ya ng'ombe ikapita upande wa juu, kati ya tangi na nyumba.

Nikajenga nyumba ya kwanza peke yake mpaka ikaisha, jiko bado, zile nyingine bado. Nilitaka aione moja nzima. Nimejenga majengo makubwa kuliko lile, lakini zuri kuliko lile sijajenga. Ukuta ulizunguka bila kosa, unaweza kuupitishia kiganja kutoka mlangoni mpaka ukarudi mlangoni na usihisi kiungo. Mafundi wangu waliokuwa wakinitania mwanzoni, kwamba mzee anajenga ghala la mahindi, mwishoni walikuwa wanavua viatu kabla ya kuingia.

Kwenye joto lile fundi huanza mapema kabisa na kuweka chini vyombo jua likianza kuchoma. Tukimaliza tulikuwa tunapanda gari kurudi juu, kwa sababu mgonjwa alikuwa juu na mimi silali mbali naye. Mara chache tulichelewa mpaka alasiri, na siku hizo nadhani moshi ulikuwepo. Fundi mmoja aliwahi kusugua macho akasema leo pana moshi. Mimi nimekulia kwenye tanuri. Moshi kwangu ni hewa tu.

Nilimshusha mke wangu mchana. Asubuhi asingeweza, ukungu ulikuwa mlangoni.

Aliingia ndani polepole, akashika ukuta. "Kitanda kinakaa wapi?"

"Hapo ulipo."

"Chandarua utafungia wapi kwenye ukuta wa mviringo?"

"Tazama juu. Nimeweka ndoano."

Akatazama. "Ehe. Umewaza." Kwake hiyo ni hotuba nzima ya kusifu. Akatoka barazani, akaketi, akavua kitenge begani kwa sababu ya joto, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamwona anavuta pumzi mpaka chini.

Kisha upepo ukageuka. Kule kila siku hugeuka, jua likipita utosini: ule wa mlimani unakufa, unakuja mwingine kutoka kusini, una nguvu, unafuata ufuko. Nao wanawake huwasha majiko saa hizohizo, samaki wa asubuhi wakishapasuliwa. Moshi ulikuja chini chini kama kitu kinachojua njia. Uliingia dirisha la kusini na kutokea dirisha la kaskazini, vilevile nilivyoipangia hewa. Mke wangu alianza kukohoa akiwa ameketi, akamalizia akiwa amepiga magoti.

"Wanabanika kambale," akasema alipopata sauti. "Na kuni mbichi."

Mdogo wake alikuja mbio kutoka mwaloni, mikono ina magamba. "Dada! Mbona hukusema unakuja? Ningezima!"

"Leo ungezima. Na kesho?"

Tulimpandisha mwinuko, mimi mkono huu na shemeji mkono ule, mpaka pale tangi litakapokaa, moshi ulipopungua. Yule mzee mfugaji alikuwa palepale na ng'ombe wake. Nilimuuliza kama alijua upepo unageuka.

"Hata ndama anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza upepo," akasema. "Uliniuliza mavi."

Siku zilizofuata nilifikiria kazi. Nikifunga madirisha ya kusini, vyumba vinageuka tanuri, na mgonjwa wa kifua hakai tanurini. Nikipanda miarobaini ya kuzuia upepo, itafikia urefu wa maana sisi tukiwa chini ya udongo. Nikijenga ukuta mrefu, moshi utauruka na kutua ndani ya ua. Kiwanja kilikuwa kizuri asubuhi tu, na mtu anaishi siku nzima. Niliona njia moja iliyobaki ni kwenda serikali ya kijiji kusema yale majiko yahamishwe. Watu wa kule wananijua, wengine nimewajengea. Wangenisikiliza.

Nilimwambia mke wangu. Alikuwa amerudi kitandani kwake Shighatini, mito mitatu mgongoni, dirisha limefungwa kwa ajili ya ukungu.

"Ule moshi ndio ulionilea," akasema. "Mama yangu alibanika, mdogo wangu anabanika. Ukiwafukuza wale, ile nyumba yako nzuri ulale mwenyewe."

"Basi utakufa kwa kiburi."

"Nimekaa na mwalimu wake." Akakohoa, akapumzika, akaendelea. "Sisi tukiwa wadogo majiko yalikuwa upande mwingine kabisa. Maji yalipovutika, watu wakahama na majiko yao. Kule vitu vinahama. Nyie wa milimani mkishaweka jiwe mnadhani Mungu ndiye aliyeliweka."

Kesho yake nilishuka. Nilishuka mchana, kwa makusudi, na watu kwenye gari wakaniuliza kama kuna msiba. Nilikaa kwenye kibanda cha shemeji mwaloni, nikauacha upepo ugeuke mbele ya macho yangu. Kusini mwa majiko yao kulikuwa na rasi ndogo ya mawe, haina mti, haina udongo wa kulimia, hakuna aliyewahi kuigusa. Upepo wa alasiri ulifika pale kwanza, umetoka majini, safi, ndipo ukayakuta majiko, ndipo ukaenda kwangu. Ule mwalo na majiko yalikuwa katikati. Lakini hata rasi haikutosha. Ilikuwa karibu mno, na siku upepo ukilegea moshi ungetambaa ukaifikia. Ningeweza kukaa pale ikiwa tu majiko yangesogea kaskazini. Yaani kwenye kiwanja changu.

Nilimweleza shemeji. Alinisikiliza huku akipasua perege, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo sisi tuhame, wewe ukae kwetu."

"Nawapa kiwanja changu. Mniachie ile rasi, na mkubali kusogea."

"Ile rasi hata mbuzi hataki. Kiwanja tunakiona. Lakini mwalo uko hapa, shemeji. Samaki wakifika tuwabebe kichwani mpaka kule kwako kila siku ya Mungu? Wewe utatubebea?"

"Nitawajengea majiko. Mimi ni mtu wa matanuri, najua moto unavyovuta. Yatakuwa na bomba refu, moshi utaenda juu, na kuni mtatumia nusu. Hata macho yenu yatapona."

"Macho yangu yamezoea." Akatupa matumbo kando, ndege wakagombania. Wenzake walikuwa wanasikiliza, na yeye alijua. "Tulidhani umekuja kutushtaki. Watu wa milimani mnapenda kesi kuliko wali."

"Dada yako amenikataza."

Hapo ndipo aliponiangalia. "Amelala wapi?"

"Juu. Kwenye ukungu."

Akafuta kisu kwenye gunia. "Haya, shemeji, tuseme tumesogea. Mvua ikinyesha samaki wetu wakavu huoza, kila mwaka. Tunawalaza chini ya turubai kama watoto yatima. Unasema majiko, sawa. Na ile nyumba?"

"Nyumba gani?"

"Ile ya mviringo. Ina hewa huku na huku, ina nafasi chini ya paa, haina unyevu. Sijawahi kuona nyumba inayofaa samaki kama ile."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilifikiria ule ukuta, kiganja kinavyozunguka bila kuhisi kiungo. Nilifikiria kusema nitawajengea ghala lingine, la mabanzi, litawatosha. Lakini msimu wa ukungu ulikuwa ndiyo kwanza unaanza, na ghala lingechukua wiki ambazo sikuwa na hakika nazo. Nyumba ilikuwa imesimama. Wangeweza kuhama mara moja, na mimi nikaanza rasi mara moja.

"Chukueni," nikasema.

"Na mlango wake?"

"Na mlango wake. Mtauondoa kwani?"

Majiko niliyaanza kabla ya kitu kingine, yakakamilika, wanawake wakahama na masufuria yao na maneno yao. Kisha nikaweka vigingi kwenye rasi. Safari hii niliviweka asubuhi, nikavikagua mchana, nikavikagua jua likizama, na mke wangu nilimshusha mapema, akakaa kwa mdogo wake akinielekeza kwa kunipungia kitambaa kutoka mbali. Nyumba za rasi ni tatu tu, mawe hayakuruhusu ya nne. Si laini kama ile ya kwanza, kuta zina matuta, kwa sababu sikuwa na muda wa kubembeleza. Tangi liko juu, maji yanashuka. Migomba imeshika, ingawa ilibidi tubebe udongo kwa mikokoteni. Njia ya ng'ombe ipo, na yule mzee hupita na kuniuliza kama leo nina swali jingine.

Mke wangu analala nyumba iliyo nchani kabisa. Kifua hakijapona, na daktari alishasema hakitapona. Lakini alasiri, upepo ukigeuka, anasogeza kiti barazani na kukaa uso ukiwa kusini, anachambua mchele wa Kihurio kwa ajili ya wageni wa jioni, na mimi nikiwa juu kwenye tangi namsikia anagombana na mpishi anayemsaidia bila kukatisha sentensi. Juzi aligombana naye mpaka mchele ukaisha kwenye ungo.

Wageni wanakuja, si wengi. Wanakula, wanasifu samaki, wanatembea ufukoni. Karibu wote wakirudi huniuliza swali lilelile: ile nyumba nzuri ya mviringo kule kaskazini, yenye mlango wa mninga, ni ya nani, na inapangishwa?

Nawaambia ni ya perege, na imejaa.